Asili ya Vitenzi Vikaidi vya Kifaransa

Mwanafunzi wa Kifaransa, awe Paris, Bujumbura au Dar es Salaam, hakai darasani siku nyingi kabla ya kukabidhiwa orodha ya vitenzi ambavyo vitabu vya sarufi huviita vikaidi. Huambiwa kuwa "mourir" maana yake ni kufa, na kwamba tunakufa ni "nous mourons". Walakini mtu mmoja akijisema nafsi yake hana budi kusema "je meurs". Huambiwa kuwa tunaweza ni "nous pouvons", lakini naweza ni "je peux". Tunakuja ni "nous venons", lakini nakuja ni "je viens". Tunakunywa ni "nous buvons", lakini nakunywa ni "je bois". Akiuliza sababu ya shina moja kuwa na sura mbili, aghalabu jibu apewalo ni fupi: ndivyo ilivyo, na lililo juu yake ni kukariri.

Jibu hilo lina faida siku ya mtihani, lakini lina hasara katika elimu. Humfundisha mwanafunzi kuwa lugha ni mkusanyiko wa amri zisizo na mwenye kuamuru, na kuwa neno lisilofanana na wenzake limekosa adabu. Historia ya Kifaransa yashuhudia kinyume cha mafundisho hayo. Vitenzi viitwavyo vikaidi ndivyo vilivyotii kanuni ya sauti mpaka mwisho, na vingi katika vile visifiwavyo kwa utiifu ndivyo vilivyoiasi. Aliyewagawa ni mkazo wa sauti, ambao ulitawala maneno ya lugha hiyo kwa karne nyingi, kisha ukayaacha maneno ukaenda kukaa mahali pengine. Hukumu zake zimebaki, ijapokuwa mwenye kuhukumu ameondoka.

Chanzo cha habari hii ni Kilatini. Majeshi ya Roma chini ya Julius Caesar yaliiteka nchi ya Gallia, ambayo sehemu yake kubwa leo ni Ufaransa, kati ya mwaka 58 na mwaka 51 kabla ya Kristo. Nyuma ya majeshi walikuja wafanya biashara, makarani na walowezi, na Kilatini walichokuja nacho hakikuwa kile cha vitabuni tu, bali cha sokoni, kambini na majumbani. Katika muda wa karne chache lugha za Kikelti zilizosemwa huko zilififia, na Kilatini hicho cha watu wa kawaida kikawa lugha ya nchi.

Kila neno la Kilatini lenye silabi mbili au zaidi lilikuwa na silabi moja iliyotamkwa kwa nguvu kuliko nyingine. Msemaji wa Kiswahili hataona tabu kulifahamu jambo hili, maana lugha yake nayo ina mkazo, na mkazo huo hukaa karibu siku zote juu ya silabi ya pili kutoka mwisho. Kanuni ya Kilatini ilikaribiana na hiyo, ila ilikuwa na sharti. Silabi ya pili kutoka mwisho ilipokuwa nzito, yaani ilipokuwa na irabu ndefu au ilipofungwa na konsonanti, mkazo ulikaa hapo. Ilipokuwa nyepesi, na neno likawa na silabi tatu au zaidi, mkazo ulirudi nyuma hatua moja.

Kitenzi "amare", yaani kupenda, chatosha kuwa mfano. Mrumi alisema "ámo" kwa maana ya napenda, "ámas" unapenda, "ámat" anapenda, "amámus" tunapenda, "amátis" mnapenda na "ámant" wanapenda. Alama iliyo juu ya irabu yaonyesha mahali pa mkazo. Katika nafsi zote tatu za umoja, na katika nafsi ya tatu ya wingi, mkazo umekaa juu ya shina. Katika nafsi ya kwanza na ya pili za wingi mwisho wa kitenzi ni mzito, na kwa hiyo mkazo umeliacha shina ukahamia kwenye mwisho huo. Katika Kilatini uhamaji huo haukuleta madhara yoyote. Shina lilipokuwa na mkazo lilikuwa "am-", na lilipokosa mkazo lilikuwa "am-" vile vile. Mkazo ulipita juu yake kama kivuli kipitavyo juu ya ukuta, wala haukuacha alama.

Alama zilianza kuonekana katika karne za mwisho za dola ya Roma na zile zilizofuata kuanguka kwake. Katika Gallia ya kaskazini mkazo ulizidi nguvu. Wataalamu wengi wamewataja Wafaranki, watu wa jamii ya Kijerumani walioitawala nchi hiyo tangu mwisho wa karne ya 5, kuwa ndio walioyatia maneno ya Kilatini matamshi yao ya nguvu. Wengine wameikataa hoja hiyo, wakasema kuwa mabadiliko yalikwisha anza kabla yao. Juu ya chanzo pana mabishano, lakini juu ya matokeo hapana. Silabi yenye mkazo ilinenepa, na silabi isiyo na mkazo ikakonda. Irabu ya kwanza ilirefuka, ikapasuka ikawa sauti mbili; irabu ya pili ilibaki kama ilivyokuwa, au ikadhoofika, au ikafa kabisa.

Hapo ndipo mgawanyo wa silabi ulipopata nguvu ya kuamua mambo. Irabu yenye mkazo haikupasuka kila mahali. Ilipasuka pale tu ilipokuwa mwisho wa silabi yake, yaani silabi ilipokuwa wazi. Ilipofungwa na konsonanti ilihifadhika. Neno la Kilatini "vénit", anakuja, hugawanyika "ve-nit": irabu "e" iko wazi, basi ikawa "ie", na leo Mfaransa husema "il vient". Neno "pérdit", anapoteza, hugawanyika "per-dit": irabu ile ile imefungwa na "r", basi haikupasuka, na leo Mfaransa husema "il perd". Ndiyo sababu "perdre" ana shina moja katika "je perds" na "nous perdons", lakini "venir" ana mawili katika "je viens" na "nous venons". Vivyo hivyo "porter", kuchukua, ana "o" iliyofungwa katika "por-tat", na sura yake haikubadilika. Lakini katika kitenzi cha kufa irabu "o" ilikuwa wazi, nayo ilipokuwa na mkazo ikawa "ue" na baadaye "eu". Kwa hiyo aliyekufa peke yake alipewa "meurt", na wanaokufa pamoja na msemaji wakaachiwa "mourons".

Katika Kifaransa cha kale, kile kilichosemwa na kuandikwa kati ya karne ya 9 na karne ya 13, mgawanyiko huu haukuwa wa vitenzi vichache. Ulienea katika lugha nzima. Kitenzi cha kupenda chenyewe kilikuwa na mashina mawili: "j'aim", napenda, lakini "nos amons", tunapenda. Waliosema hivyo hawakuona ukaidi wowote. Kwao ilikuwa kawaida kwamba shina lenye mkazo lina sura yake, na shina lisilo na mkazo lina sura nyingine, na mtoto alijifunza mambo hayo kwa mama yake pasipo kitabu.

Mahali pengine tofauti haikuishia katika irabu kubadilika. Silabi nzima ilipotea. Wakristo walioandika Kilatini walikuwa na neno "parabola", maana yake mfano au mithali, na kutokana nalo kikapatikana kitenzi "parabolare", kusema. Katika "anasema" mkazo ulikuwa katikati ya shina, ukailinda silabi yake, na Wafaransa wa kale wakasema "il parole". Katika "tunasema" mkazo ulihamia mwisho, silabi ya katikati ikakosa mlinzi ikafa, wakasema "nos parlons". Kadhalika "manducare", kula: mkazo uliilinda "u" katika "il manjue", anakula, lakini haikulindwa katika "nos manjons", tunakula. Mtu aliyekutana na "parole" na "parlons", au "manjue" na "manjons", bila kujua mkazo ulipokaa, angeweza kudhani kuwa ni vitenzi tofauti.

Na mara moja vikawa tofauti kweli. Kilatini cha baadaye kilikuwa na kitenzi "disjejunare", ambacho maana yake ni kufungua saumu, kama Waswahili wasemavyo kufuturu, au kama chakula cha asubuhi kiitwavyo kifungua kinywa. Katika Kifaransa cha kale anayefungua kinywa peke yake alisemwa "il desjune", na wanaofungua pamoja walisema "nos disnons". Sura hizo mbili ziliachana hata jamaa zao wakasahau kuwa ni ndugu. Ya kwanza ilijitengenezea kitenzi kamili, "déjeuner". Ya pili ikafanya hivyo hivyo, ikawa "dîner". Leo nchini Ufaransa "déjeuner" ni chakula cha mchana na "dîner" ni chakula cha jioni, ingawa katika Ubelgiji, Uswisi na Quebec watu wengi bado huita chakula cha mchana "dîner". Hivyo milo miwili mikubwa ya Wafaransa imetoka katika kitenzi kimoja, kilichopasuliwa na mkazo.

Mkazo haukugawanya tu, uliunganisha pia. Kilatini cha zamani kilikuwa na wakati ujao uliotiwa ndani ya kitenzi, lakini watu wa kawaida waliuacha, wakapenda kusema kwa maneno mawili: "cantare habeo", maana yake nina la kuimba, ndipo ikawa nitaimba. Maneno mawili yaliyosemwa pamoja kila siku yalikuja kuwa na mkazo mmoja mkuu, na lile la pili, kwa kukosa nafasi, likajibana nyuma ya la kwanza. Katika maandishi ya historia ya karne ya 7 yanayojulikana kwa jina la Fredegar, muungano huo umekwisha kamilika katika neno "daras", utatoa, ambalo ni "dare habes" yaliyoshikana. Na katika Viapo vya Strasbourg, vilivyoapwa tarehe 14 Februari mwaka 842 na wajukuu wawili wa Charlemagne, Louis na Charles, dhidi ya ndugu yao Lothaire, yamo maneno "salvarai" na "prindrai". Hati hiyo huhesabiwa kuwa maandishi ya kwanza ya lugha iliyokuja kuwa Kifaransa, na ndani yake "-ai" si neno tena. Ni kiambishi.

Mkazo ulipokwenda kukaa juu ya kiambishi hicho kipya, irabu zilizokuwa kati yake na shina ziliingia hatarini. Katika "venir" pamoja na "a", irabu "i" ilikufa, na "n" ikajikuta uso kwa uso na "r". Ulimi wa Mfaransa haukuweza kuruka kutoka "n" kwenda "r" bila daraja, ukajenga "d" katikati: ndipo lilipopatikana neno la kale "vendra", ambalo baadaye liliazima irabu za "vient" likawa "viendra", atakuja. Vivyo hivyo "voudra", atataka: "d" hiyo haimo katika "vouloir" wala katika Kilatini, bali ilizaliwa pale "l" na "r" zilipokutana. Mwanafunzi ambaye huiona "d" hiyo kuwa mzigo ulioongezwa ili kumtesa, angejua asili yake angeiona kuwa kazi ya ulimi uliokuwa ukitafuta njia nyepesi.

Haya yote hayakujulikana mpaka karne ya 19. Friedrich Diez wa Bonn, katika sarufi yake ya lugha zilizotokana na Kilatini, iliyotoka kati ya mwaka 1836 na mwaka 1844, aliweka msingi wa kulinganisha lugha hizo kwa kanuni za sauti. Gaston Paris, Mfaransa ambaye alikuwa amesoma Bonn, alitoa mwaka 1862 kitabu juu ya kazi ya mkazo wa Kilatini katika Kifaransa, akiwa kijana asiyetimiza miaka 24. Alionyesha kuwa silabi iliyobeba mkazo katika Kilatini ndiyo iliyosalimika katika Kifaransa. Mwaka 1876 Arsène Darmesteter akaeleza hali ya irabu zilizotangulia mkazo ndani ya neno, akathibitisha kuwa kufa kwao nako kulikuwa na kanuni: irabu "a" huacha alama, nyingine hufa, isipokuwa pale ambapo konsonanti zilizozunguka zahitaji irabu ya kutegemea. Kabla ya wataalamu hao "je meurs" na "nous mourons" zilikuwa ajabu. Baada yao zikawa ushahidi.

Lakini ikiwa kanuni ilikuwa imeenea hivyo, kwa nini leo Mfaransa hasemi "nous amons"? Hapa ndipo maasi yalipotokea. Tangu mwisho wa Zama za Kati wasemaji walianza kuvifananisha vitenzi vyao. Waliona kuwa maana ni moja, wakataka sura iwe moja. Kazi hiyo haikuwa na mpango. Mara nyingine shina lenye mkazo lilishinda: "aimer" aliichukua "ai" ya "il aime" akaitia kila mahali, na "pleurer", kulia, akafanya hivyo hivyo akaiacha "plourons". Mara nyingine shina lisilo na mkazo lilishinda: "parler" aliitupa "parole", "manger" akaitupa "manjue". Yaliyotupwa hayakupotea yote. "Parole" lipo mpaka leo kwa maana ya neno au usemi. "Preuve", ushahidi, lipo kando ya "prouver", kuthibitisha. Na "amant", mpenzi, ni kumbukumbu ya siku ambazo shina la kupenda lilikuwa bado "am-".

Mapambano hayo yaliendelea hadi karne ya 17, mbele ya macho ya watunga sarufi na washairi. Kitenzi "trouver", kupata au kuona, kilikuwa na "treuve" penye mkazo na "trouvons" pasipo mkazo. Vaugelas, katika kitabu chake cha mwaka 1647 juu ya matumizi mema ya Kifaransa, aliikubali sura yenye "eu" na ile yenye "ou", lakini akaipendelea sana ile ya "ou". Hata hivyo Molière, katika tamthilia yake Le Misanthrope ya mwaka 1666, bado aliitumia "treuve" ili kupata kina na "veuve", mjane. Baada ya hapo "treuve" ilififia, na "trouve" ikashika nafasi zote.

Kundi moja la vitenzi lilijikinga na mgawanyiko kwa njia nyingine. Vitenzi kama "finir", kumaliza, viliingiza kipande kati ya shina na mwisho, ambacho asili yake ni "-sc-" ya vitenzi vya Kilatini vyenye maana ya kuanza au kugeuka. Ndicho kionekanacho katika "nous finissons". Kipande hicho hakina maana tena, na wanafunzi hukiona kuwa cha bure. Lakini kazi yake katika historia si ndogo. Kwa kuwa kilikaa baada ya shina, kiliuchukua mkazo katika nafsi ambazo ungaliangukia shina, na shina lisilopata mkazo hata mara moja halikuwa na sababu ya kupasuka. Watu hawakukusudia kulilinda shina, lakini kwa kipande hicho lilipata ngao.

Vitenzi vilivyobaki na mashina mawili ni vile ambavyo watu walivitumia mno hata ulinganisho haukuweza kuvifikia: kuweza, kutaka, kuja, kushika, kunywa, kupaswa, kufa. Neno lisemwalo mara moja kwa mwezi husahauliwa sura yake, na mwenye kusahau hulitengeneza upya kwa mfano wa mengine. Neno lisemwalo mara kumi kwa siku halisahauliki. Mtoto hulipokea kama alivyolikuta. Kwa sababu hiyo orodha ya vitenzi vikaidi si orodha ya maneno mageni au ya anasa. Ni orodha ya mambo ambayo binadamu hawezi kuishi siku moja bila kuyataja.

Wakati wasemaji walipokuwa wakivifananisha vitenzi, mkazo wenyewe ulikuwa ukibadili makao. Irabu za mwisho za Kilatini zilikuwa zimekufa zamani, isipokuwa "a", iliyodhoofika ikawa "e". Na "e" hiyo nayo ikanyamaza katika matamshi ya kawaida. Kwa hiyo silabi yenye mkazo ikawa ndiyo ya mwisho katika kila neno, na mkazo ulio daima mahali pamoja haupambanui neno na neno. Leo katika Kifaransa mkazo si mali ya neno tena, bali ni wa fungu la maneno yanayosemwa kwa pumzi moja. Katika "je parle" huangukia kitenzi. Katika "je parle français" humpita kitenzi ukaangukia silabi ya mwisho ya "français".

Kimya cha miisho kilileta badiliko jingine. "Parle", "parles" na "parlent" huandikwa mbalimbali, lakini hutamkwa kwa sauti moja. Sikio halimtambui mtendaji kwa mwisho wa kitenzi, humtambua kwa "je", "tu", "il" au "ils" inayotangulia. Mrumi aliweza kusema "amo" peke yake, maana mtendaji alikuwa ndani ya mwisho wa neno. Mfaransa hawezi kusema "aime" peke yake akafahamika kuwa asema juu ya nafsi yake. Na katika mazungumzo, ambapo "on parle" imechukua sehemu kubwa ya nafasi ya "nous parlons", hata "-ons" haisikiki mara nyingi kama zamani. Msemaji wa Kiswahili atambue hapa jambo asilolitarajia: lugha iliyokuwa ikimtaja mtendaji nyuma ya shina sasa humtaja mbele, kama Kiswahili kifanyavyo kwa "ni-", "u-" na "a-".

Wala desturi ya kugawa mashina haikufa. "Appeler", kuita, husemwa "nous appelons" kwa "e" dhaifu, kwa kuwa silabi yake iko wazi. Lakini katika "j'appelle" mwisho umenyamaza, "l" imeifunga silabi, na irabu imekuwa nzito. Waandishi waliionyesha tofauti hiyo kwa njia mbili zisizopatana: mara kwa kurudia konsonanti, kama katika "appelle" na "jette", mara kwa alama juu ya irabu, kama katika "achète". Mapendekezo ya maandishi yaliyochapishwa katika gazeti la serikali ya Ufaransa tarehe 6 Desemba mwaka 1990 yalitaka alama hiyo itumike katika vitenzi vya namna hii, isipokuwa "appeler", "jeter" na jamaa zao, ambavyo vilikwisha kuzoeleka mno. Kwa mara nyingine yaliyozoeleka sana ndiyo yaliyosamehewa.

Asije msomaji akadhani kuwa mambo haya ni ya Wafaransa peke yao. Kiswahili kina vitenzi vyenye shina la silabi moja, na wageni wengi wanaojifunza lugha hii huviita vikaidi. Husemwa anakula, amekula, atakula, lakini akila, akala, hali, hula. Kwa nini "ku" yaja na kwenda? Viambishi "-na-", "-me-", "-li-" na "-ta-" havibebi mkazo, na shina "-la" ni fupi. Basi "ku" hubaki ili mkazo upate mahali pa kukaa. Viambishi "-ki-" na "-ka-" huweza kuubeba, na "ku" haina kazi tena. Uthibitisho uko wazi katika habari ya simba: simba amekula, lakini simba amemla mbuzi. Kiambishi cha mtendwa kilipoingia kimeuchukua mkazo, na "ku" imeondoka. Hata "-ta-" ya wakati ujao, ambayo asili yake ni "taka", ilijibana kama "habeo" ilivyojibana katika Kifaransa. Nayo hurudia urefu wake wa kale katika neno "atakayekuja".

Kwa hiyo mwalimu wa Kongo au Burundi, ambaye wanafunzi wake husema Kiswahili nyumbani na kusoma Kifaransa darasani, ana hazina mkononi. Aweza kuwaonyesha kuwa "je meurs" na "nous mourons" zina sababu kama amekula na amemla zilivyo na sababu. Tofauti ni kwamba sababu ya Kiswahili ingali hai na husikika katika kila sentensi, hali sababu ya Kifaransa ilikufa ikaacha alama zake tu.

Neno ukaidi lina uzito mkubwa darasani. Mtoto aliyeambiwa kuwa lugha yake, au lugha anayojifunza, imejaa ukaidi, hujifunza kuyatii maneno bila kuyafahamu. Mtoto aliyeonyeshwa kanuni hujifunza kuuliza. Vitenzi vya Kifaransa vyafaa kuwa somo hilo, maana orodha iliyodhaniwa kuwa ya waasi imekuja kuonekana kuwa ya wazee waliokataa kuacha sheria ya baba zao. Sarufi itakayowaandika katika sura ya mwisho wa kitabu, chini ya jina la aibu, itakuwa imekosa adabu kwao. Itakayoanza nao itakuwa imeanza pale lugha yenyewe ilipoanzia.